Kompyuta ya Mjukuu Wangu

Mwaka ule Ukambani tulipika muthokoi, pure yetu ya mahindi yaliyokobolewa, kwa mahindi ya njano ya msaada, nami nikauza fahali wangu ili mjukuu wangu wa kike apate kompyuta ya nguvu. Alikuwa amepata kazi ya kuandika programu, mradi awe na mashine yake mwenyewe. Akaniambia bila aibu kwamba atacheza gemu za magari pia. Sawa. Nani hachezi?

Dukani mjini Machakos, muuzaji alisifu kasha moja jeusi la kompyuta: memori kubwa, kadi ya picha ya kisasa.

"Fungua," nikamwambia.

"Mama, hii si ng'ombe."

"Ng'ombe namfungua mdomo nikaona meno. Sinunui kitu sijaona ndani."

Mjukuu akaninong'oneza, "Susu, unaniaibisha!" Lakini skrubu zilipotoka, ni yeye aliyeinama akasema memori ni nusu ya ile tuliyoambiwa, na kadi ya picha haimo kabisa.

Muuzaji akaleta kasha lingine, limezungushwa selotepu. "Hii ni mpya, shosho. Niamini."

"Sinunui kitu sijaona ndani."