Baba Aliniita Kutoka Juu ya Mnazi, Nikanyamaza

Ilikuwa Jumanne, saa nne na robo asubuhi, wiki ya pili ya likizo ya Agosti. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama ile saa kubwa ya ukutani pale mapokezi ya hoteli. Kosa ni langu. Nalisema mapema msije mkanitafutia kisingizio, maana mimi mwenyewe nimekitafuta hadi nimechoka.

Jina silitaji. Niko kidato cha tatu, shule ya bweni, na nyumbani ni Msambweni. Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, lakini sauti haitoki. Mambo yangu huyaandika kwenye daftari, na hili nimeliandika nikalichana mara nne. Leo nawapa nyinyi msionijua.

Baba yangu ni mkwezi. Hoteli za Diani zina minazi kila upande, na nazi ikimwangukia mgeni kichwani ni msiba. Kwa hivyo humwita baba aziangue kabla hazijaanguka zenyewe, akate na makuti makavu. Hupanda kwa vile vipandio vilivyochongwa kwenye shina, miguu mitupu, panga kiunoni.

Tangu nina miaka sita, likizo zangu zote ni kuzunguka naye. Safari zetu ndizo hizo: mimi nyuma ya baiskeli, kapu la chakula mapajani, leo hoteli hii, kesho nyumba ya wageni ile. Akimaliza kazi huomba ruhusa tushuke ufukweni, hunikatia dafu, hukaa akinitazama nikicheza majini na nguo zangu. Mwaka mmoja alinipeleka Majoreni kwa shangazi, nikala kaa hadi nikaugua. Nilipomaliza shule ya msingi alinipeleka Mackinnon Road, mbali kote huko, kwa kuwa niliwahi kusema sijaona treni. Tulikaa kando ya reli tangu asubuhi. Treni yenyewe ilipopita haikumaliza dakika mbili. Baba alipiga makofi utadhani yeye ndiye mtoto!

Kazi yangu mimi ni kusimama chini. Mkwezi akiwa juu haoni vizuri, makuti humziba, kwa hivyo hawezi kuangusha nazi mpaka mtu wa chini amwambie hakuna anayepita. Baba huniita "mama", kwa sababu nimepewa jina la mamake, na kwetu ndivyo ilivyo. Akiwa juu huuliza, "Mama, chini?" Nami hujibu, "Peupe, baba!" Ndipo nazi ishuke. Siku ya kwanza kabisa aliniambia kwamba asiponisikia hataangusha kitu. Atashuka aje aone nimepatwa na nini.

Likumbukeni hilo.

Mwaka huu baba aliniwekea jambo. Alimwomba meneja kwamba akimaliza ule mnazi wa mwisho, ulio karibu na bwawa la kuogelea, binti yake akae pale kama mgeni hadi alasiri, ale chipsi na kuku, anywe soda ya barafu. Meneja akakubali. Baba alilificha siku tatu, akaja kunieleza asubuhi ile tukijitayarisha.

"Vaa lile baibui la Idi," akasema. "Simama kwa mnazi mmoja tu, mama. Baada ya hapo wewe ni mgeni wao."

Basi nilikuwa nimesimama pale na baibui la Idi, baba juu anakata makuti, nikasikia naitwa jina langu la shuleni.

Nitamwita Stacy, ingawa silo jina lake. Tuko naye darasa moja, kwao ni Nairobi, na kila msichana hutaka kukaa naye mezani. Kwa miaka mitatu hakuwahi kuniambia neno zaidi ya "pisha". Siku ile alikuja mbio kwangu, yeye na dadake mkubwa.

"Manze, kumbe hata nyinyi mko huku! Umekuja na nani?"

Nikasema nimekuja na baba.

"Ako wapi?"

Nikasema yuko juu. Stacy akatazama ghorofani, kwenye vyumba vya wageni. Nikamwacha atazame.

Wakanivuta tukakae chini ya mwavuli kando ya bwawa, hatua kama thelathini kutoka kwenye mnazi. Nikajiambia nakaa kidogo tu, narudi sasa hivi. Mhudumu akatuletea soda.

"Mama, chini?"

Sauti ya baba naijua hata nikiwa usingizini. Nikakaza macho kwenye soda.

"Mama! Chini?"

Dadake Stacy akainua miwani yake ya jua, akauliza yule mzee analia nini huko juu. Stacy akasema eti anamwita mamake. Wakacheka.

Nami, mimi nisiyewahi kumchekesha mtu tangu nizaliwe, nikafungua mdomo.

"Pengine ameachishwa ziwa jana," nikasema.

Jamani! Walicheka hadi Stacy akanilalia begani. Nywele zake zilinukia mafuta ya nazi ya dukani. Sijui niwaelezeje. Nilihisi kama nyumba niliyokuwa nikiichungulia dirishani miaka mitatu, leo nimefunguliwa mlango.

Baba akaita mara ya tatu. Mara ya nne hakuuliza tena habari za chini. Alisema tu, "Mama?" kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyo kimya.

Ningeweza kusema peupe, neno moja tu! Ningeweza kuinuka nikasingizia naenda msalani, nikazunguka nyuma ya maua, nikajibu kutoka huko. Nilivuta soda kwa mrija.

Akaanza kushuka. Watu wote pale bwawani, kama walimwona, waliona mkwezi aliyemaliza kazi. Mimi peke yangu nilijua anashukia nini. Baba hushuka taratibu, kila kipandio hukipapasa kwanza kwa kidole gumba cha mguu. Siku ile alishuka mbio, na alfajiri mvua ilikuwa imenyunya. Alikuwa usawa wa madirisha ya ghorofani mguu ulipomteleza. Kiuno kikapiga kwenye mawe yaliyozunguka maua pale chini.

Watu wakakimbia. Stacy akanishika mkono, tukakimbia pamoja nao. Chupa ya soda bado nilikuwa nayo.

Kijana wa bustani, mgeni pale kazini, aliyejua tu kwamba mkwezi amekuja na mtoto wake, akapiga magoti. "Mzee, binti yako yuko wapi?"

Baba alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatafuta chini, pale shinani, mahali ninaposimama siku zote. Alikuwa akinitafuta nimelala, nimepigwa na nazi. Kisha akainua macho akaniona, nimesimama katikati ya wasichana wawili, mzima. Uso ukamchangamka. Wallahi, kwanza ulichangamka! Halafu akawatazama wale wasichana, akaitazama soda, akanirudia mimi, nikamwona anavyoelewa, kidogo kidogo.

"Nimemtuma dukani," akasema.

Wakambeba wakamtia kwenye pikapu ya hoteli. Stacy akalia, yeye mtu baki. Mimi sikulia, maana ningelia ningeulizwa.

Baada ya muda akaja mhudumu na sahani ya chipsi na kuku, anauliza kwa sauti ni nani binti wa mkwezi. Akauliza mara mbili. Akairudisha jikoni.

Nilikaa nao saa mbili zaidi. Tulipiga picha. Kwenye picha natabasamu.

Nyonga ilivunjika, na daktari akasema mambo ya minazi yamekwisha. Sasa baba hukaa barazani na mkongojo wake, anashona makuti ya kuezekea yanayokatwa na watu wengine. Baiskeli imeegemezwa ukutani, kuku wanailalia. Na kila mtu humsemesha kwa kupaza sauti, hata watoto wa jirani, kwa sababu habari imeenea kwamba masikio yake yameharibika, ndiyo maana akaanguka. Masikio ya baba ni mazima! Juzi alimsikia paka anakanyaga majani nyuma ya nyumba, akageuka kabla yangu. Lakini mamangu akimpigia kelele aje ale, humwacha ampigie mara ya tatu ndipo aitike.

Stacy je? Shule ilipofunguliwa aliniwekea nafasi mezani siku mbili. Siku ya tatu alikaa mwingine.

Wewe unayesoma, kama una mzazi ambaye kazi yake unaionea haya mbele ya wenzako, siku akikuita itika. Usijiambie utamweleza baadaye. Baadaye utakuta watu wengi wamesimama, na mdomo ulionyamaza mara moja utanyamaza tena. Au utasema, na afadhali ungenyamaza. Hilo ndilo sijalimaliza kuungama.

Kesho yake asubuhi, Jumatano, nilikwenda hospitali na chupa ya uji. Nilikuwa nimeamua. Njia nzima nilijifunza maneno: nisamehe baba, nilikusikia. Nisamehe baba, nilikusikia.

Wodini nikamkuta mamangu, shangazi aliyefika kutoka Majoreni, na baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, ambaye pia ni mkwezi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeukia kwetu. Nikawapa shikamoo mmoja mmoja. Nikaubusu mkono wa baba, naye akaubana wangu, akaushikilia.

Baba mdogo hakungoja niweke hata chupa chini. "Wewe ndiye uliyekuwa chini. Kakangu anasema aliita. Ulimjibu au hukumjibu?"

Nikautazama mfuniko wa chupa.

"Nilimjibu," nikasema. "Baba hakusikia."

Mamangu akashika kichwa. Akasema amemwambia mtu huyu miaka miwili sasa kwamba umri umekwenda aache kupanda, na yeye hasikii, kumbe ni kweli hasikii. Shangazi akamuunga mkono. Baba mdogo akashusha pumzi, akanigusa bega, akaniomba radhi kwa kunishuku.

Baba alikuwa ananitazama. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme! Mkono wake bado ulikuwa umeushika wangu. Kisha akautoa, akauinua, akakiweka kiganja nyuma ya sikio kama wafanyavyo vikongwe.

"Wasemaje, mama?" akaniuliza. "Sema kwa nguvu, sikusikii."

Nami nikarudia, kwa nguvu, wodi nzima ikasikia.