Mama Futa

Ukipeleka simu yako kutengenezwa kwa Joyness pale Bariadi mjini, jiandae kugombezwa. Kabla hajaipokea atakuuliza, "Umefuta?" Ukimwambia bado, atakurudishia simu yako hapo hapo, akugeuzie mgongo na kutazama ukuta mpaka umalize kufuta meseji zako, picha zako na kila neno la siri ulilolitunza humo. Vijana wamempachika jina la Mama Futa, na yeye anaitika. Acha wacheke. Wengi wao walikuwa bado wanabebwa mgongoni siku damu ilipomwagika nyuma ya kiwanda cha pamba.

Ilikuwa mwaka 2005, mkoa wa Simiyu haujazaliwa, na sisi bado tukihesabiwa watu wa Shinyanga. Biashara zilikuwa zimefunguliwa kila upande. Pamba ilinunuliwa na makampuni ya watu binafsi, simu zilikuwa za makampuni, na mwenye uwezo wake akaweka dishi juu ya paa, akapanga kompyuta nne mezani, akaandika mlangoni Intaneti Kafe. Joyness, binti wa kutoka Nyashimo, ndiye aliyewekwa kuisimamia. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mcheshi, mwenye mkono mwepesi na, niseme ukweli, mwenye kiherehere cha kutosha watu sita.

Wateja wake walikuwa watu wa jembe. Kidole kilichozoea kuchuma pamba hakiijui herufi ya G iko wapi. Mtu ananunua nusu saa, dakika ishirini zinaishia kwenye kuandika jina na neno la siri. Joyness akawaonea huruma. Kila mashine ilipouliza kama ilikumbuke jina na neno la siri la mteja, yeye alibonyeza ndiyo. Ukija tena, unaandika herufi moja tu ya jina lako, mashine inamalizia yenyewe, unaingia kwenye barua zako kama unavyoingia nyumbani kwako. Watu walimshukuru mno. "Wabeja, mwalimu," walimwambia, na yeye akavimba kichwa.

Lakini huruma ilikuwa nusu tu ya habari. Kwenye kozi ya Mwanza mwalimu wake, Constantine, aliwafundisha kwamba mteja akiinuka lazima ufute: kurasa alizotembelea, majina, maneno ya siri, vyote. Joyness alifuta mwezi wa kwanza, kisha akaacha. Mwezi wa pili, saa nane mchana wateja wakiwa wameenda kula, alikaa kwenye mashine namba tatu, akabonyeza herufi moja kwa utani, mlango wa mtu ukafunguka. Akasoma. Lo! Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sasa ilikuwa yeye. Alijua nani ana mimba, nani anamdanganya mchumba wake wa Arusha, katekista gani anaandikiana na nani. Hakumwambia mtu hata siku moja, na kwa hilo alijiona ni mwema.

Ndipo akaja Milembe.

Milembe alikuwa mwanamke mwembamba wa Kalemela, kule ziwani, na mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri. Alikuja kila Jumanne, akakaa namba tatu, akajifunika kanga mpaka kwenye nyusi, akamwandikia kaka yake Sylvester aliyekuwa akifanya kazi Dodoma. Siku ya pili tu, mashine ilipomalizia jina lake yenyewe, alishtuka.

"Dada, hii mashine imenijua. Je, na mtu mwingine inaweza kumwambia?"

"Aa, wapi! Ni yako peke yako," Joyness akamjibu, bila hata kupepesa macho.

Mchana ule ule akazifungua barua zake. Alichosoma kilimkata maini. Mumewe Milembe, mchuuzi wa samaki aitwaye Masalu, ndiye aliyeuvunja mkono ule kwa kasia. Alimvunja mbele ya wakwe, kwa sababu ya uji ulioungua. Mara nyingine alimfungia kwenye banda la dagaa siku mbili bila maji. Milembe alipotoroka, Masalu aliapa mbele ya ukoo kwamba akimpata atamkata kama anavyokatwa kamongo. "Sijamwambia mtu yeyote wa hapa ninapokaa," aliandika kwa kaka yake. "Wewe tu ujue. Nipo kwa mama Generoza, nyuma ya kiwanda cha pamba, mlango wa bati la kijani."

Joyness alilia kwa kwikwi. Akaapa moyoni kumlinda dada huyu. Na bado hakufuta, jamani! Alitaka kujua Jumanne ijayo Milembe ataandika nini.

Ilipita miezi miwili. Siku moja ya msimu wa pamba, jua likiwa utosini, aliingia mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, baiskeli kaiegemeza mlangoni.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Kisukuma, kwa adabu.

"Mwadila, baba. Karibu."

Alisema ni mfanyabiashara, huwa anatumia intaneti Mwanza anapopeleka samaki. Akauliza kama wateja wengi ni wa kike. Joyness akacheka, akasema wapo wachache. Akamkalisha namba tatu, akarudi kwenye daftari lake. Yule bwana alilipia nusu saa. Dakika ya kumi aliinuka, akatoka, hata kuaga hakuaga.

Hapo ndipo Joyness aliposhtuka, maana Bariadi nzima hakuna mtu aliyewahi kuacha dakika alizozilipia. Watu walikaa wakitazama kioo kitupu ilimradi muda uishe. Akainuka, akaenda namba tatu. Barua ilikuwa wazi. Bwana yule alikuwa ameandika herufi ya kwanza ya jina la mkewe, na mashine ikammalizia jina na neno la siri, kama ilivyofundishwa. Maneno "mlango wa bati la kijani" yalikuwa katikati ya kioo.

"Yesu wangu, nimemuua!" alipiga kelele.

Alitoka mbio na kuiacha kafe wazi. Kandambili zilimtoka kwenye kona ya kwanza. Barabara ilijaa mikokoteni ya pamba, ng'ombe wamekwama, watu wanatukanana, na mbele kwa mbali aliliona lile shati likipinda nyuma ya kiwanda. Kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kulikuwa na kitu kimeviringishwa gunia. Joyness alijua ni nini. Alipoona hamfikii, akasimama katikati ya barabara, akaupiga mwano.

Mwano ni yowe letu Wasukuma. Ukilisikia unatema hata tonge mdomoni, unashika fimbo, unatoka. Asiyetoka, walinzi wetu wa jadi, sungusungu, watamuuliza kwa viboko. Joyness hakuwahi kuupiga maishani, lakini alikuwa amelelewa kwenye kuusikia. Ulimtoka tumboni. Wabeba marobota ya pamba kiwandani wakatupa mizigo, wanawake wakaupokea nyumba kwa nyumba, filimbi zikaanza kulia.

Yeye alifika wa kwanza. Bati la kijani lilikuwa limeng'olewa, linaning'inia. Uani, Milembe alikuwa amesimama na mchi wa kinu, damu ikimchuruzika kutoka bega hadi kiwiko, na vidole vitatu vya mkono wake mzima vilikuwa chini, kwenye mahindi aliyokuwa akitwanga. Mama Generoza, mzee wa watu, alikuwa amelala kando ya jiko, paji la uso limepasuka. Masalu aliinua panga mara ya pili.

"Uliniaibisha!" alinguruma. "Mbele ya baba yangu uliniaibisha!"

Joyness alimrukia mgongoni, akamng'ata shingo mpaka meno yakakutana. Masalu alimtupa ukutani kama gunia. Milembe akapata nafasi, akamtwanga mchi wa goti. Goti likalia, mtu akaenda chini, na panga likamponyoka.

Kisha watu wakaingia.

Sitakupambia. Walimpiga kwa fimbo, kwa kulabu za kubebea marobota, kwa mateke. Alipojaribu kusema walimpiga mdomo. Na Joyness, yule mcheshi, binti wa kanisani, aliokota tofali akalishusha kifuani mwa yule mtu, akaliinua tena, akalishusha tena, huku akipiga kelele, "Nani alikwambia usome? Nani alikwambia usome?" Watu walidhani amepagawa. Ilibidi wanaume wawili wamshike mikono. Masalu alikata roho ndani ya gari la polisi, na hakuna aliyeweza kusema ni pigo la nani lililommaliza. Kila mtu alisema aliitikia mwano, basi.

Jioni ile kiongozi wa sungusungu, mzee Athanasi, alimsifu Joyness mbele ya watu. Mama Generoza alishonwa, akapona. Wanawake walimletea Joyness kuku. Kila aliyemuuliza alijuaje, alimjibu kwamba yule mtu aliulizia njia pale kafe, naye akamshuku. Uongo ulimtoka kirahisi, na watu waliupokea kirahisi zaidi.

Siku ya tatu alikwenda hospitali na chupa ya uji. Milembe alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bendeji hadi begani. Alimshukuru. Alimwita mdogo wangu. Akanywa uji nusu kikombe, akitazama bendeji.

"Mdogo wangu," alisema kwa Kisukuma, polepole, "sungusungu wanasema ulifika wa kwanza. Kwamba ulikuja moja kwa moja, hukuuliza mtu njia."

"Ndiyo, dada."

"Mimi sikumwambia mtu wa Bariadi ninapokaa. Hata jirani wa ukuta alidhani mama Generoza anaishi peke yake. Nilimwandikia Sylvester tu."

Joyness hakuurudia ule uongo uliotembea mjini siku tatu. Alitazama sakafu. Chozi likadondoka juu ya kifuniko cha chupa.

"Ulizisoma zote?" Milembe aliuliza.

"Zote, dada."

"Za banda la dagaa pia?"

"Pia."

Milembe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alirudisha kikombe kwa mkono wake uliopinda, akageukia ukuta.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ile nilikuuliza, ukanijibu."

"Nisamehe, dada. Nilikuonea huruma, kweli nilikuwa nalia ninaposoma."

"Yeye pia alikuwa akilia akishanipiga." Akavuta pumzi. "Nenda ukafute. Na usisome tena."

Joyness alirudi kafe kwa miguu. Aliwasha namba tatu, akaandika herufi ya kwanza, kwa mazoea tu, na mashine ikamfungulia. Palikuwa na barua mpya ya Sylvester, haijafunguliwa. Alikaa mbele yake, mikono imefungwa mapajani. Halafu akafunga ukurasa bila kuigusa barua ile, akafuta majina na maneno ya siri ya watu wote, mashine zote nne, akawaacha wateja wa kesho yake wahangaike kutafuta herufi wenyewe.