Honi ya Magurudumu

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliishi Silver Spring, kule Marekani, fleti moja na nesi wa Kikenya, na yeye ndiye aliyenilazimisha kuzijua ndege ndogo za Kifaransa. Ndege nilizozijua mimi ni zile za kunirudisha Dar nikipata nauli. Yeye alikuwa akitoka zamu anavua viatu tu, kisha ananihubiria habari za injini huku mimi nasukuma chapati. Nilimwona mwendawazimu, na nilimpenda hivyo hivyo.

Klabu yake ya urubani ilikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege huko Maryland, katikati ya mashamba. Walikuwa na ndege mbili za ukoo mmoja, za watu wanne, milango yake inafunguka kwa kuinuka juu. Alinieleza kwamba kiwanda, kule kusini mwa Ufaransa, kilichora mwili mmoja, kisha kikawa kinaubadilishia mambo mengine. Ya kwanza ilikuwa na injini ya kiasi na magurudumu yaliyokaa chini siku zote. Ikafuata yenye nguvu zaidi. Halafu wakatia injini kubwa, na magurudumu yakawa yanakunjwa tumboni ndege ikishapaa, isipoteze mwendo kwa kupigwa na upepo. Baadaye wakatoa nyingine ya kwenda juu zaidi, ambako hewa ni haba, kwa hiyo injini yake inasukumiwa hewa. Mimi, zikiwa zimeegeshwa, sikuweza kuzitofautisha hata moja, na hilo lilimuudhi sana.

Alijifunzia ile ya injini ndogo akapata leseni. Kisha klabu ikaiuza. Ikabaki ile ya injini kubwa, ya kukunja magurudumu, na huruhusiwi kuirusha mpaka mwalimu mkuu akufanyie jaribio, aridhike nawe. Mwalimu mwenyewe alikuwa mzee wa Kizungu, mwanajeshi mstaafu, mpole, mpenda hadithi.

Baba wa rafiki yangu, kule Nakuru, hakuwahi kuupenda mchezo huo. Aliposikia habari ya jaribio alimwambia kwenye simu kwamba ajaribu mara moja tu, na akishindwa aachane na ndege, atulie, aolewe. Rafiki yangu akaitikia sawa. Nilikasirika utadhani nimeambiwa mimi. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea, akanijibu kwamba baba alikuwa bado anaongea.

Siku ya jaribio nilikaa kiti cha nyuma, kwa ruhusa ya mzee. Rafiki yangu aliirusha ile ndege vizuri mno, hata mimi mwoga niliacha kushika kiti. Tulipokuwa tunarudi kutua, mzee akaanza kusimulia jinsi mkewe alivyougua mpaka akafariki. Rafiki yangu akamgeukia, akawa anatikisa kichwa kwa huruma na kuitikia, taratibu, kama mtu aliyekaa matangani. Akapunguza nguvu ya injini. Ghafla honi ikalia mle ndani, kali, na mimi nikadhani nimegusa kitu.

Magurudumu yalikuwa bado tumboni.

Mzee akashika usukani, akatupandisha tena juu, akamwacha ayashushe, tukatua salama. Tukiwa chini akamweleza bila ukali kwamba hadithi ile aliianza makusudi. Abiria wataongea siku zote, alisema, na kazi ya rubani ni kuwakatiza. Leo hajafaulu.

Kwenye barabara kuu ya Beltway niliendesha mimi, yeye akilia. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza.

"Dada, kila kitu nilikuwa nakijua," alisema. "Lakini mzee alikuwa anaongea juu ya bibi yake alivyokufa. Ningemkata aje?"

Kwetu nilifinywa paja kwa makosa madogo kuliko kumkatiza mzee. Nilimwonea huruma, nikajionea na mimi, maana ningekuwa rubani ningetuua wote watatu kwa adabu.

Jumapili alimpigia baba yake kwa kadi ya simu, akaweka spika kwa sababu alikuwa anakatakata sukuma wiki. Kwao ni nyumba ya makabila mawili, wanazungumza Kiswahili, kwa hiyo nilisikia yote. Akamwambia ameshindwa. Baba hakufoka. Alianza pole pole kwamba sasa yameisha, si walikubaliana, na kuna kijana fulani wa jirani, afisa wa mifugo, mtu wa kanisa. Rafiki yangu alisimama na kisu mkononi, anaitikia kwa kichwa vile vile kama mle ndani ya ndege. Niliona kabisa anavyokwenda kutua bila magurudumu.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nakukata."

Nikazima jiko.

"Sikushindwa kuendesha ndege, baba. Nilishindwa kumkata mzee akiongea. Sasa nimekukata wewe, na kuruka siachi."

Nilidhani baba amekata simu, au kadi imeisha. Kisha baba akauliza ni mzee wa namna gani anayepiga hadithi ndege ikiwa angani. Akaelezwa yote, mpaka honi. Akauliza kama hadithi yenyewe ilikuwa ndefu. Akaambiwa ndefu, ya marehemu mkewe. Akavuta pumzi, tukaisikia mpaka huku kwetu.

"Basi rudi kwake, mama," akasema. "Akianza tena, mwambie anyamaze. Mwambie ni mimi nimesema."