Anayemsagia korosho marehemu mumewe

Mama Unga anasugua korosho kwa kitambaa kikavu, maganda membamba yanadondoka mezani. Ananusa kila moja. Iliyoanza kuharibika mafuta anaitupa. Nyuma yake jokofu refu linaguna, linanyamaza, linaguna tena.

Ndani ya jokofu hilo yumo mumewe.

Si mwili. Ni kichupa cha chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili dhidi ya magonjwa. Marehemu alikuwa fundi bomba. Alijitolea damu kwa watafiti kabla homa ya mapafu haijamchukua. Mkewe aliajiriwa hapa maabara baadaye, miaka miwili iliyopita, kusaga korosho.

Unga hukamuliwa mafuta, kisha hulowekwa na kimeng'enya kinachoumega kama tumbo linavyomega chakula. Protini hukatika vipande vidogo viitwavyo peptidi. Vipande hivyo hutiwa kwenye visahani vya chembe hai kama hizo za jokofuni, watafiti wakichungulia kama zitachangamka.

"Baadhi zimechangamka," anasema mtafiti mkuu, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. "Lakini kisahani si mwili. Asije mtu akaacha dawa zake akakimbilia korosho."

Vichupa huandikwa namba tu. Mama Unga alijua wiki iliyopita, mtafiti alipomwita kuomba ridhaa ya familia: vya mumewe vimo humo, na kimebaki kimoja tu. Kikitumika, basi.

"Kumbe muda wote huu nampikia mume wangu," anasema, akicheka kidogo. "Na alipokuwa mzima, korosho alikuwa hataki hata kuziona."

Wafanyakazi hapa hupiga hodi kabla ya kufungua jokofu. Ilianza kama utani. Siku hizi Mama Unga akipiga hodi, anangoja. Barafu inapasuka ndani: tak.

"Siku ukiitikiwa 'karibu', mimi kazi basi," mwosha vyombo anamtania.

"Nikiitikiwa, shoga, wewe ndiye utakayetangulia kuingia."

Mama mkwe wake hacheki. Nyumbani, anazungumza akiwa ameelekea ukutani. "Mwanangu nilimzika nusu. Nusu mmeiweka kwenye baridi, mnailisha. Irudishwe, izikwe."

"Alitoa mwenyewe, mama."

"Alitoa damu. Hakutoa usingizi wake."

Familia ikikataa, kichupa kitarudishwa. Jibu linatakiwa kesho asubuhi.

"Natamani afanye kazi hii moja ya mwisho," anasema Mama Unga. "Yeye mapafu yalimshinda. Huenda mwingine yasimshinde. Lakini sitamwamulia mama."

Amemwomba mama mkwe aje maabara achungulie kwanza chembe za mtu mwingine kwenye hadubini, ndipo aseme neno.

"Nitakuja," mama mkwe amekubali. "Ila mwanangu asinisalimie."

Mama Unga anatia unga kwenye chupa, anaongeza kimeng'enya, anaiweka kwenye maji ya uvuguvugu. Unga utaendelea kumegeka hadi kesho. Anabandika karatasi na kuandika tarehe.

Mahali pa namba ya kichupa anapaacha wazi.