Nani Aliyemaliza Miti ya Ivuna

Mkinisikia nafoka nikitajiwa vijana wa chuo, mjue nina sababu. Mwaka sabini na tano walikuja watano hapa Ivuna na madaftari yao, wamefundishwa muhula mmoja habari za mazingira: udongo, maji, miti na watu, kila kimoja kinategemea kingine. Sawa, hilo hata bibi yetu alilijua. Wakamkuta dada yangu Nesta anachemsha chumvi, yaani maji aliyoyachuja kwenye udongo wa chumvi, moshi umemjaa machoni, kuni zimerundikwa pembeni. Wakaandika palepale: wachemsha chumvi ndio wanaomaliza msitu. Hawakumuuliza hata neno moja! Asiyeuliza hana ajifunzalo, chuo au si chuo.

Damiano, mwenyekiti wa kijiji, akaifanya karatasi ile amri. Kuchemsha chumvi marufuku. Nesta alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na chumvi ndiyo iliyowalisha. Aliibadilisha kwa mahindi. Kiangazi kikipita hujachemsha, basi tena, maana mvua zikija sehemu za chumvi zote zinazama majini. Sasa watoto wale nini, mazingira?

Nesta si mtu wa kulialia. Alimfuata kiongozi wa wale vijana, Ishaka, akamwambia, "Mwanangu, chukua daftari lako twende." Nami nikafuata.

Huko porini akamwonyesha visiki vyetu. Sisi wachemsha chumvi tunakata mti usawa wa goti, kisiki kipate kuchipua, na haturudi hapo mpaka machipukizi yanenepe kama mkono. Anayekata chini ya goti tunamtoza mbuzi. Kisha akampeleka upande wa pili. Lo! Miti imekatwa usawa wa ardhi, mingine imeng'olewa na mizizi yake.

"Hii ilikatwa mwaka jana, serikali ilipotuhamishia kijijini," Nesta akasema. "Nguzo za nyumba mia mbili kwa mwezi mmoja, na shamba la pamoja juu yake. Mvua ya kwanza tu, udongo wote uliteremka mtoni. Andika."

Ishaka akasema, "Mama, nimekosea. Nisamehe." Kumbe alikuwa na haya, mtoto wa watu. Akaandika upya kurasa tatu, akampelekea Damiano.

Damiano akasoma, akacheka. "Unataka wilayani wasome kwamba kuhamia kijijini ndiko kulikomaliza miti? Una wazimu, kijana?" Akazichana zote tatu mbele yetu. Karatasi ile ya kwanza, ya kutulaumu sisi, ilikwisha kupigwa muhuri. Nilitaka kumzaba kofi, Mungu anisamehe! Nesta akanishika mkono.

Mvua zilipofika, duka la kijiji halikuwa na chumvi hata chembe. Kijiji kizima tulikula mboga chapwa, na watoto wa Nesta walikunywa uji mwepesi mara moja kwa siku. Asubuhi moja akaja Anastazia, mke wa Damiano, na kibakuli mkononi.

"Shikamoo, dada. Mume wangu anaomba chumvi kidogo. Chakula hakimpiti kooni."

Nesta akaingia ndani. Akarudi na kibakuli kimejaa udongo wa chumvi, mweusi tii, aliokuwa ameukwangua kabla ya marufuku.

"Marahaba. Chumvi imo humo," akasema. "Mwambie achemshe mwenyewe. Na kuni asihangaike kutafuta mbali, abomoe nyumba yake."