Niliandika «Marehemu» Mbele ya Jina la Bahati

Mujukuu wangu Furaha anaandika programu ya kuamrisha mashini ya kuchapa. Kati ya mistari anaweka maelezo ya Kiswahili. Aliniletea karatasi: «Koko, unitengenezee maneno.» Miye wa masomo kidogo, nikavimba kichwa!

Juu kulikuwa jina la aliyeianzisha programu hiyo zamani: Bahati Dieudonné, mutoto wa mama Vumilia aliyekuwa jirani yangu; Bahati huyo alipotea wakati wa vita. Kwetu jina la mufu haliachwi hivihivi, basi nikaongeza «marehemu». Furaha akapeleka kazini bila kusoma.

Kesho yake mwanaume akapiga hodi hapa kwetu, mutaa wa Saio, karatasi ile mukononi.

«Koko, Bahati ni miye. Nilikimbiliaka mbali, Niania; sasa nimerudi kazini, na Furaha ameniambia ni weye uliandika hii. Nani alikuambia nilikufa?»

«Watu walisema.»

«Na mama, aliyekufa akinililia, nani alimuambia?»

«Ni miye,» nikasema.