Mtaalamu wa Drafti Aliyeitwa Kule Mau Narok

Ningependa kuwaambia kwamba hadithi mliyoisikia pale steji ya Njoro ni ya uongo, lakini siwezi, kwa sababu Kibet wa boda alikuwepo na Kibet mdomo wake hauna breki, kwa hivyo heri mnisikie mimi mwenyewe, mcheke mara moja, tuishe. Ndiyo, ni mimi niliyemfukuza uwanjani mtoto wangu wa kumzaa mbele ya mzungu aliyetoka Australia kutafuta watoto kama yeye. Ndiyo, suruali ilipasuka. Hiyo ya kwamba nililia ameongeza yeye (macho yalitoka maji kwa sababu ya upepo, na anayeujua upepo wa Mau Narok ataniunga mkono).

Mimi huuza mbegu za viazi, na nikifunga duka hucheza drafti. Ule ubao wenye miraba, vifuniko vya soda huku vimelala chali na huku vimelala kifudifudi, unaruka cha mwenzako unakila, ukifika mwisho unakuwa kingi. Sijisifu, lakini pale Njoro wananiita Chairman, na kuna wanaume wazima wenye mashamba na ng'ombe wa gredi ambao wakiniona nikija wanakumbuka ghafla kwamba wameacha maziwa jikoni. Sasa mtu akiheshimiwa hivyo kwa muda mrefu, kichwa kinaanza kuvimba bila yeye kujua, na hapo ndipo taabu zangu zilipoanzia.

Msichana wangu Wangari anasoma bodingi kule Mau Narok, kidato cha tatu, na sisi wazazi tuna grupu yetu ya WhatsApp ambayo mimi huwa siisomi kwa sababu ni maombi asubuhi na malalamiko jioni. Siku hiyo nikaifungua kwa bahati mbaya, nikakuta meseji ya Mwalimu Chebet, mwalimu wa michezo: "Wazazi, kuna mtu anaelewa mambo ya draft? Mgeni wetu wa Australia anakuja Jumamosi kuangalia vijana wenye uwezo na angependa mtu wa kumsaidia kuchagua." Juu ya hiyo kulikuwa na meseji nyingine ndefu kama hotuba ya chifu. Kidole kilikuwa tayari kwenye skrini, kingepanda tu kidogo nisome. Hakikupanda. Kiliandika: "Mimi hapa. Draft ndiyo maisha yangu." Wazazi wakamimina vidole gumba na makofi, Mwalimu Chebet akaandika kwamba Mungu ni mwema, na mimi nikalala nikimwaza huyo Mwaustralia aliyesikia habari zangu mpaka huko kwao.

Jumamosi nikavaa koti la harusi, nikafunga tai, nikatia ubao na vifuniko ndani ya gunia safi, nikapanda boda ya Kibet tukapandisha mlima. Kibet akauliza, "Chairman, kwani mzungu naye hucheza drafti?" Nikamwambia aangalie barabara.

Kufika, shule nzima iko nje, wasichana wamepangwa mstari wakiwa na kaptura na soksi ndefu. Nikashangaa kidogo kuona drafti inachezwa kwa kaptura, lakini nikajiambia labda ni utaratibu wa kwao. Mwalimu Chebet akanipokea kwa mikono miwili, akanijulisha kwa mgeni (jina lake Craig, mtu mrefu mwenye pua iliyochomwa na jua), akatangaza, "Huyu ni Baba Wangari, mtaalamu wetu wa draft. Baba Wangari, waambie watoto kitu kidogo."

Mimi na kuambiwa niseme kitu kidogo!

"Vijana," nikaanza, "draft haitaki haraka. Mwenye haraka huliwa mapema. Usione uchungu kuliwa mmoja, bora wewe baadaye ule watatu. Angalia adui ameacha wapi wazi. Na ukiona njia imefunguka mpaka mwisho, usiangalie nyuma, enda uwe kingi!"

Mwalimu Chebet akatafsiri, yule Craig akawa anatingisha kichwa kwa kila neno, na nilipomaliza akanishika mkono akautikisa mpaka tai ikahama, akasema (nilitafsiriwa) kwamba amesikiliza makocha wengi lakini hakuna aliyewahi kuueleza mchezo wao kwa urahisi hivyo. Nikatazama ule mstari na kumwona Wangari. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu akiwa mdogo wa kubebwa mabegani, na nikasikia akimwambia mwenzake, "Si nilikwambia? Mathe alimwelezea baba, akaenda akausoma mchezo wote kwa ajili yangu."

Sikuelewa. Ndipo Craig akatoa mpira kwenye begi.

Jamani, mpira wenyewe haukuwa wa duara. Ulikuwa mwekundu na umechongoka huku na huku, umbo la papai. Akaupiga teke ukaenda hewani, wasichana wakatawanyika kuukimbiza. Nikamwuliza Mwalimu Chebet polepole, "Na... ubao unaletwa saa ngapi?" Akadhani nauliza ubao wa matokeo, akasema hakuna haja, wanahesabu kwa mdomo.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na Kiswahili. Ningesema, "Mwalimu, mimi nilidhani ni drafti ya vifuniko," watu wangecheka kidogo, ningekunywa chai nikarudi Njoro. Lakini Wangari alikuwa anakimbia akigeuka kila mara kuona kama namwona. Kumbe tangu muhula uanze alikuwa anafanya mazoezi ya huu mchezo, futiboli ya Australia ya kupiga teke na kudaka, amemwambia mamake, mamake ameniambia, na mimi nilikuwa kwa ubao nikijibu mm, mm. Na Mwalimu Chebet akaninong'oneza kwamba Craig atachukua wasichana wachache tu kwenda kambi ya Nairobi, na huko ndiko wanakotazamwa wale ambao siku moja timu za Australia zinaweza kuwachagua. Huko kuchagua ndiko kunaitwa draft. Sasa ningemwambiaje mtoto kwamba sikuja kwa ajili yake, nilikuja kwa ajili ya vifuniko vya soda?

Nikakunja mikono nyuma nikaanza kutembea kando ya uwanja kama mtaalamu.

Craig akaniletea vesti za njano, nimvalishe msichana yeyote nitakayeona ana uwezo, kisha akasema jambo ambalo Mwalimu Chebet alitafsiri hivi: "Anasema kwanza uangalie mikono yao." (Nimekuja kujua baadaye kwamba alimaanisha namna wanavyodaka.) Basi nikasimamisha mchezo, nikawapanga, nikapita nikishika kiganja kimoja kimoja, nageuza, nabonyeza kidogo, hivyo hivyo ninavyochagua mbegu. "Huyu yuko sawa. Huyu bado hajakomaa. Wewe unalima? Eh, vizuri." Craig alinitazama mdomo wazi, lakini nadhani alidhani ni mila zetu, akaniacha.

Mchezo ukaendelea. Mimi niliwatafuta wale waliosimama wakafikiri, kwa sababu ndiyo akili ya drafti, nikavalisha vesti msichana mmoja aliyekuwa ametulia vizuri sana pembeni (alikuwa ameumia mguu, anangoja nesi).

Halafu mpira ukapigwa juu sana, ukaelea, wasichana wakajaa chini yake, na kutoka nyuma akaja Wangari mbio, akaruka, akaweka goti kwenye bega la mwenzake, akapanda, akawa juu ya vichwa vyote, akaudaka ule mpira kwa vidole. Yule mwenzake akaanguka kifudifudi kwenye tope.

Sikumwona Craig akirusha kofia. Sikusikia shule ikipiga nduru. Nilichoona ni mtoto niliyemlea kwa adabu amemkanyaga binti ya watu mgongoni mbele ya wageni, na hasira ya mzazi haiulizi maswali. Nikaingia uwanjani na tai yangu. "Wangari! Nani alikufundisha kupanda watu? Kwani huyo ni punda? Muombe msamaha! Sasa hivi! Na utoke, uende usimame kwa ile milingoti ya goli mpaka nikuite!"

Wangari akaweka mpira chini, akamwambia mwenzake pole, akaenda kusimama kwenye milingoti akinipa mgongo.

Mwalimu Chebet akanifikia akihema. "Baba Wangari, unafanya nini? Hiyo siyo kosa! Kuruka namna hiyo ndiyo kitu mzungu ametoka kwao kutafuta! Si wewe ni mtaalamu?"

Nikarudi nyuma, nikamgonga Kibet aliyekuwa ananishikia gunia, likaanguka, na ubao ukatoka na vifuniko vyote vikamwagika kwenye nyasi. Mwalimu Chebet akaviangalia. Akaniangalia. "Haki ya nani," akasema. "Ulikuwa umekuja na drafti."

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Nitasema tu kwamba hata yule msichana aliyeumia mguu alisahau maumivu. Craig alipotafsiriwa alicheka akashika magoti, na mimi kuchekwa ningekubali, ni mtu mzima, lakini Wangari peke yake hakucheka. Mwalimu akamwita arudi aruke tena, Craig aone vizuri. Mpira ukapigwa, akakimbia, akafika, miguu ikakataa. Ukapigwa tena, ikakataa tena. Kila mara kabla ya kuruka alikuwa ananiangalia kwanza.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Si kicheko.

Nikavua koti. Nikaenda mpaka katikati ya uwanja, mahali mpira unapoangukia, nikasimama nikampa mgongo, nikainama kidogo. "Wangari," nikasema, "panda."

"Baba, wacha."

"Nimesema panda. Mimi siombi msamaha wa mdomo, najua wewe huutaki. Panda."

Mpira ukapigwa. Nikasikia miguu inakuja, inakuja, nikafunga macho, halafu goti likatua hapa, begani, na uzito wote wa mtoto niliyembeba akiwa mdogo ukapanda juu yangu ukaenda zake. Nilienda chini kwa tope, suruali ikasema kraa, na kutoka pale chini nikasikia shule ikilipuka, nikajua ameudaka.

Craig alimvalisha vesti yeye mwenyewe. Mimi sikuaminiwa tena na vesti.

Jioni hiyo Wangari alinisindikiza mpaka getini akiwa amenibebea koti, nami nimefunika nyuma kwa gunia. Kibet alipowasha pikipiki ndipo nikamwuliza kama ningeweza kuja Nairobi kumtazama kambini, na akafikiri muda mrefu, kama mtu wa drafti kabisa.

"Unaweza kuja," akasema. "Lakini si kama mtaalamu."

"Nije kama nani?"

"Kama baba. Ukae kiti cha nyuma. Na ukiona kitu hujaelewa, upige tu makofi."

Nimekubali, na mbele yenu nyote naapa: mtoto wa mtu, hata awe wangu, mimi kupima uwezo wake sitaki tena maishani. Kiti cha nyuma kinanitosha. Siku hizi, nikishafunga duka, najifunza kupiga makofi nikiwa nimefunga mdomo, na niwaambie ukweli, kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko drafti.